Msukumaji wa Gari la Ogoti

Niliamua kuliuza gari la marehemu mume wangu kwa sababu moja tu: nilichoka kusukumwa na mtu asiyenisalimu.

Watoto wangu walidhani ni umri. Majirani hapa Magwagwa walidhani ni bei ya dizeli. Nikawaacha wadhani, maana mwalimu mstaafu akianza kueleza jambo hamalizi, na wao wana kazi za kufanya.

Gari lenyewe ni stesheni wagoni ya dizeli, refu mgongo, lenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ogoti alilinunua likiwa limeshazeeka, nalo likakataa kuzeeka zaidi. Limebeba ndizi, mbolea, maharusi wawili na wanakwaya tisa wa kanisa letu la Sabato kwa mpigo mmoja. Mwisho lilimbeba Ogoti mwenyewe kutoka mochari hadi nyumbani, kwa sababu lilikuwa na urefu wa kumtosha. Niliendesha mimi. Sikulia mpaka nilipozima injini.

Kasoro yake ilikuwa moja: asubuhi haliwaki. Unapiga stata, linakohoa moshi mweupe, linanyamaza. Likishapata moto, siku nzima unaliwasha kwa kidole, lakini alfajiri ni mpaka lisukumwe kutoka uani hadi langoni. Kuanzia langoni mteremko unamaliza kazi: unatia gia ya pili, unaachia klachi, na kijiji kizima kinaamka. Ogoti alifikia hatua ya kuling'oa lango letu na kulihamishia upande wa mteremko, eti kwa ajili ya gari.

"Kwa nini basi usililaze hapo hapo mteremkoni, tukaokoa jasho?" nilimwuliza.

"Breki ya mkono si ya kuaminika."

Nikamtafutia jiwe kubwa la kuzuia gurudumu. Akasema litaibwa. Nani anaiba jiwe Gusii, nchi yenye mawe mengi kuliko watu? Nilimwona mbishi wa bure, nikamwacha na gari lake uani.

Sasa huyo msukumaji. Jina lake ni Momanyi, mdogo wake Ogoti, anayemfuata tumboni. Shamba lake na letu yanapakana, na miaka tisa kabla ya Ogoti kufariki waligombania mistari minne ya majani chai iliyo mpakani. Mpimaji alikuja na vyombo vyake akauongeza ugomvi. Tangu hapo hakuna aliyechuma mistari ile, na chai isipochumwa huwa miti. Leo imepita kimo cha mtu na ina maua meupe. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nimelima miaka hiyo yote, na kapu langu limeliwa na mchwa.

Hawakusalimiana. Harusini kila mmoja alikaa kwenye hema lake. Lakini asubuhi Ogoti akipiga stata mara tatu na moshi mweupe ukapanda, haupiti muda Momanyi anatokea kati ya ile miti ya chai, na gambuti zake miguuni. Hasemi neno. Anaweka viganja kwenye mlango wa nyuma wa gari, anainama, anasukuma. Gari likiwaka, anabaki amesimama ndani ya moshi, anajipangusa mikono kwenye suruali, anarudi kwake. Hata Jumamosi alikuja. Mzee wa kanisa letu alikuwa ameshasema kwamba kusukuma gari ni kazi, na siku ya Sabato hakuna kazi. Momanyi alikuwa amehamia kwa Wakatoliki alipooa. Basi ikawa kila Sabato Mkatoliki anawasukuma Wasabato waende kumwabudu Mungu.

Barabarani Ogoti angesema, "Leo amesukuma vizuri." Siku nyingine, "Leo mgongo unamsumbua, umeona?" Ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote kuhusu ndugu yake.

Nilimwambia hana haya, kumtumikisha mtu asiyetaka hata kumwamkua. Alitabasamu tu. Tabasamu lile lilinichoma moyo miaka yote.

Macho ya Ogoti yalipofifia, mimi nilishika usukani na yeye akahamia kiti cha pembeni. Alipofariki, Momanyi alishika jembe akachimba kaburi pamoja na vijana, akaenda kwake bila kula. Baada ya hapo, Jumanne nikipeleka ndizi Nyamira na Jumamosi nikienda kanisani, nilipiga stata na yeye akaja. Mwaka mmoja na miezi miwili. Bila neno. Iliniuma, siwezi kuficha. Nilikuwa mjane, na shemeji yangu wa pekee alikuwa akiliona gari, mimi hanioni.

Ndipo nikamtafuta mnunuzi.

Alipatikana Shueib, mwuza matairi mjini Kisii, mtu wa sauti ya upole na maswali mengi. Alinipigia simu akaanza kunitahini kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi.

"Mama, logibuku iko na jina ya nani?"

"Langu. Mahakama ya urithi imeshamaliza."

"Sawa. Mkanda wa injini ulibadilishwa lini?"

"Mwaka juzi. Risiti ninayo."

"Filta ya dizeli, mnatoa maji?"

"Kila mwezi. Mume wangu alikuwa fundi wa redio, hakuacha kitu kiharibike bila kukifungua."

"Na asubuhi inawaka?"

Hapo nikakohoa. Mimi ni mtu wa kanisa.

"Inasukumwa kidogo," nikasema.

Akanieleza kwamba gari la dizeli halinunuliwi mchana. Mchana hata lililokufa linawaka. Atakuja Jumanne, saa moja kamili asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, na nisiliwashe kabla hajafika. Likiwaka lenyewe, analichukua siku hiyo hiyo. Lisipowaka, anarudi Kisii.

Kwa hiyo Jumatatu nikamwita fundi kutoka Nyamira, Drusilla, niliyemfundisha darasa la sita. Hesabu za sehemu zilimshinda, lakini injini anaisoma kama kitabu cha nyimbo. Aliinua boneti, akainama, akaanza kuimba polepole. Kisha akaacha kuimba.

"Mwalimu, hii gari iko na hita plagi mpya."

"Hita plagi ni kitu gani?"

Alinionyesha vijiti vinne vya chuma vilivyozama kwenye injini. Kazi yake, akasema, ni kupasha moto ndani kabla ya kuwasha. Injini ya dizeli ya zamani bila vijiti hivyo haiwezi kuamka kwenye baridi ya huku kwetu. Unafungua swichi, taa ndogo ya manjano inawaka mbele yako, unangoja izime, ndipo unapiga stata.

"Hakuna taa ya manjano kwenye gari hili," nikamwambia.

"Iko, mwalimu. Imetolewa balbu." Akavuta waya mmoja mwekundu. "Na hii ndiyo inapelekea plagi moto. Haijakatika. Mtu ameichomoa, akaifunga vizuri."

Nikautazama ule waya. Ncha yake ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi, na mwisho wa utepe umekunjwa ukafanya kisikio kidogo, ili anayekuja baadaye aubandue bila kuukwaruza kwa kucha. Katika Magwagwa nzima mtu mmoja tu alifunga nyaya namna hiyo. Kila redio iliyotoka mezani kwake ilikuwa na kisikio kile.

Nilifungua kisanduku cha mbele ya kiti. Kiberiti kilichokaa mle miaka yote nilikuwa nikidhani kina misumari. Ndani, ndani ya pamba, kulikuwa na balbu moja ndogo.

Drusilla alirudisha waya, akarudisha balbu. Aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia akanawe mikono, chai iko tayari. Mimi mwenyewe sikuinywa. Nilikuwa nimemkasirikia Ogoti kwa hasira niliyosahau kwamba ninayo. Nilifikiria mvua zote tulizosukumwa ndani yake, gauni langu la Sabato lililojaa matope, mgongo wa Momanyi. Kisha nikafikiria kwamba katika miaka tisa ndugu wale wawili walikutana karibu kila asubuhi, na hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Jumanne nilitoka nje uani saa kumi na mbili na nusu. Ukungu ulikuwa bado umelalia chai. Niliingia garini na, bila kufikiri sana juu ya Shueib na masharti yake, nikafanya kama kawaida: nikapiga stata mara tatu, haraka haraka, bila kungoja taa. Moshi mweupe. Kimya. Nikangoja.

Momanyi akatokea kati ya miti, na gambuti zake. Hakunitazama. Akapita ubavuni mwa gari, akaweka viganja nyuma, akainama.

Nikafungua swichi. Taa ya manjano ikawaka. Nilihesabu moyoni mpaka ikazima, kisha nikapiga stata.

Liliwaka pale pale, kwa sauti nene, kama mtu aliyeamshwa akiwa ameshalala vya kutosha.

Kwenye kioo nilimwona Momanyi hajatoa mikono. Gari linanguruma, halijasogea hata hatua moja, naye bado ameinama. Nikashuka nikaenda nyuma.

"Imepona," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu mazishi.

"Haikuwa inaumwa. Ndugu yako alichomoa waya."

Nilitegemea akasirike. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea marehemu, au kumsuta pamoja naye, sijui lipi. Momanyi alijipangusa mikono kwenye suruali.

"Waya mwekundu," akasema.

"Ulijua?"

"Mama Ruth, mimi nimeendesha lori ya majani chai miaka ishirini. Lori ya dizeli. Unadhani sijui hita plagi?"

"Lini ulijua?"

"Asubuhi ya kwanza. Niliona ule moshi."

"Na ukasukuma?"

Alitazama ile mistari minne, iliyogeuka miti.

"Angeniita na nini kingine?" akasema.

Nililia pale nyuma ya gari, naye akasimama akinitazama nikilia, bila kuondoka.

"Na mimi?" nikamwuliza nilipoweza. "Mwaka mzima hukuniambia hata neno."

"Nilidhani unaniita kusukuma tu," akasema. "Kuongea sikuitwa."

Shueib akafika kwa pikipiki saa moja kamili, mtu wa ahadi. Hakuuliza habari ya asubuhi kwanza. Alienda moja kwa moja akaweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa.

"Mama, umeipasha!"

"Nimeipasha. Na inawaka yenyewe, nakuapia. Lakini siuzi."

"Sasa nimeamka saa kumi usiku kuja kuambiwa siuzi?"

Alikuwa na haki ya kunikasirikia. Nilimpa mkungu wa ndizi nilioupanga kwenda nao sokoni, nikamwomba radhi mara mbili, na kumwambia nitampeleka mpaka Nyamira, akapate matatu ya Kisii. Pikipiki ilikuwa imeshageuka kurudi. Alimtazama Momanyi, akanitazama mimi na macho yangu mekundu, akaamua kutouliza. Akaingia nyuma, akakaa na mkungu wake mapajani.

Momanyi alikuwa ameshaanza kurudi kwenye miti.

"Unakwenda wapi?" nikamwita. "Panda."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Akaja upande wa kiti cha Ogoti, akashika mlango, akauvuta, haukufunguka. Gari lile alilijua kila mkwaruzo wa nyuma yake, lakini miaka yote hakuwahi kuufungua mlango. Niliinama nikamfungulia kwa ndani. Akagonga gambuti zake moja kwa nyingine kutoa matope, akaingia, akaketi wima kama yuko kanisani.

"Bwakire," akanisalimu, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana asubuhi ile.

"Bwakire buya," nikamjibu.

Tulitoka langoni, tukashuka mteremko injini ikiwa inafanya kazi yake yenyewe. Shueib aliuliza kutoka nyuma kama klachi ni mpya. Nikamwambia si gari lako, nyamaza. Tulipovuka mto na kuanza kupanda kilima cha upande wa pili, gari likazubaa kidogo kwa uzito, kama lifanyavyo siku zote pale. Nikatia gia ya pili. Nilipogeuka kumwambia Momanyi asiogope, nilimwona ameinama mbele, macho barabarani, viganja vyake vyote viwili ameviweka kwenye dashibodi, anasukuma.