Siku ya Kufungua Mabelo

Asubuhi ya mtihani, madereva wa treni za mjini Tunis waligoma. Ikabidi Olfa na Shiraz waende chuoni kwa miguu, na njia ya miguu inakatiza soko la mitumba. Tena ilikuwa Jumatano, siku ya kufungua mabelo.

Olfa alimshika mwenzake mkono kama anavyoshikwa mtoto. Kazi yao ya mtihani waliiandaa pamoja na walitakiwa waieleze pamoja mbele ya mwalimu. Akikosekana mmoja, wamefeli wote. Kule chumbani kwao kitanda cha Shiraz hakikuonekana kwa nguo, nyingi hajazivaa hata mara moja.

"Nitazame tu, shoga."

"Hutazami."

"Dakika mbili. Wallahi sinunui."

Muuzaji akakata kamba za belo. Nguo zikamwagika mezani, wanawake wakazirukia, na mkono wa Shiraz ukachomoka. Olfa alipomfikia, alikuwa keshavua koti lake na kuliweka palepale mezani, anajaribu jingine.

"Shiraz, koti lako!"

"Hili linanibana? Sema kweli."

"Koti lako, nakwambia! Flashi ya kazi yetu imo mfukoni!"

Shiraz akageuka. Koti halikuwepo.

"Ami, koti jeusi lililokuwa hapa?"

"Limeuzwa, binti yangu. Mama mmoja kalichukua sasa hivi, na kalisifu kweli."

"Lilikuwa langu!"

"Sasa mtu anavua nguo anaitupa kwenye nguo za kuuza, mimi nijuaje?" Wanawake wakacheka.

Olfa alikimbia mpaka kwa wauza samaki, akitazama kila mgongo. Majira ya baridi nusu ya mji huvaa makoti meusi. Mwanamke mmoja aliyemvuta koti akamtukana. Akarudi akitweta, akamkuta Shiraz ameinama, kichwa kimezama kwenye nguo, machozi yanamtoka. Olfa akamwonea huruma: kumbe naye anatafuta.

"Basi, acha. Tutaeleza kwa mdomo, bila picha. Twende, tutawahi."

Shiraz akainua gauni la kijani, akajifuta machozi. "Hariri, Olfa. Hariri tupu!"

"Mimi naondoka. Unakuja, huji?"

"Nakuja, nakuja. Kuna jingine kama hili huko chini, nimeuona mkono wake."

Olfa alitamani kumzaba kofi. Akaenda peke yake.

Mlangoni mwalimu alimuuliza, "Mwenzako?"

"Yuko mitumbani," akajibu. Hakuwa na nguvu ya kutunga uongo.

"Basi mkafanye mtihani hukohuko," mwalimu akasema, akaita majina mengine.