Soketi Zilizonyweshwa Bia

Nilifunga soketi kwenye kila kiti cha basi langu, nikatamba stendi nzima ya Oruro kwamba kwangu simu haizimi. Jumanne ya Kanivali ikafika, siku ya kumwagia Mama Ardhi bia na kubariki magari. Madereva wenzangu walinyunyizia magurudumu wakatosheka. Mimi, mjuaji wa wajuaji, nikazinywesha na soketi, moja baada ya nyingine, kisha nikamalizia chupa mwenyewe.

Asubuhi yake abiria wakachomeka simu. Pwaa! Moshi.

“Wee dereva, unatuchajia au unatukaanga?” akafoka mama Casimira, muuza viazi.

Fundi Eleuterio akaitwa. Akainusa soketi, akaninusa na mimi.

“Wewe pombe itakutoka jioni,” akaniambia. “Hizi ndiyo basi tena.”