Bei ya Ngowa

Wiki nzima Mwanakuu hakutulia. Mteja wake Mholanzi, aliyemtengenezea programu ya kuuza tiketi za makumbusho, alikuwa kimya, na awamu ya pili ya kazi ilikuwa haijaanza. Kila mara aliufungua ule mtandao wa kutafutia kazi, akaufunga, akaenda dirishani, akarudi.

Jibu lilipokuja lilikuwa la adabu. Mteja alisema ameipenda kazi yake, ila amepata mtu mwingine, naye pia yuko Mombasa, anayetoza dola saba kwa saa. Mwanakuu alitoza ishirini. Je, angeweza kushuka?

Alitafuta mtandaoni watu wa Mombasa waliotoza saba. Picha ya kwanza tu ilimkata maini. Alikuwa Ngowa, kijana ambaye Mwanakuu mwenyewe alimfundisha kuandika programu hapo hapo nyumbani Kibokoni, mpaka kijana akaweza kusimama peke yake.

Alivaa buibui upesi.

"Wenda wapi na jua hili?" mamake aliuliza.

"Makupa, mama. Naja sasa hivi."

Ngowa alikuwa amepanga chumba nyuma ya maduka ya vipuri vya malori. Mlango ulikuwa wazi, kompyuta iko juu ya kitanda.

"Karibu, mwalimu!" alisema, kisha akamwona uso. "Kuna nini?"

"Yule Mholanzi ni mteja wangu, Ngowa."

Ngowa aliinamisha kichwa. "Haki ya Mungu sikujua. Nimeliona jina lako leo, nilipoifungua programu yenyewe. Nilikuwa nishakubali."

"Kwa dola saba! Leo wampa saba, kesho ataniambia nami nichukue saba, na keshokutwa atampata wa tano."

"Dada, wewe wakaa kwenu, hulipi kodi. Mimi nimeomba kazi miezi mitatu kwa bei uliyonifundisha. Hakuna hata mmoja aliyenijibu. Hiyo ishirini hulipwa mtu anayesifiwa na wateja. Mimi nasifiwa na nani?"

Miezi yote hiyo Mwanakuu hakuwahi hata kumpigia simu kumuuliza anaendeleaje. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akainuka tena.

"Mwandikie," alisema mwishowe. "Mwambie umeiona kazi ilivyo kubwa, wataka kumi na tano."

"Akinikataa?"

"Atarudi kwangu, nami sishuki."

"Au atakwenda kwa mtu wa Manila, kule Ufilipino, tukose sote."

"Huenda."

Ngowa aliandika, akafuta, akaandika tena. "Niache nifikiri," alisema.

Mwanakuu alirudi kwa miguu, hasira na aibu zikimpanda kwa zamu. Alipofika alimjibu mteja kwamba bei yake ni ile ile.

Siku ya pili Ngowa alipiga simu, sauti imejaa furaha anayoionea haya. Mholanzi amekubali kumi na mbili.

"Malipo ya kwanza yakiingia, dada, nita..."

"Usinipe kitu. Lakini usishuke tena, wasikia?"

"Nasikia."

Alimpongeza, na nusu ya pongezi ile ilitoka moyoni. Kisha akaanza kuomba kazi nyingine, kwa mteja asiyemjua. Kwenye nafasi ya bei aliandika ishirini, akabaki akiitazama namba ile mpaka mamake alipomwita mara ya pili aje kula.