Hatamu ya Bwana Lambrecht

Bwana Lambrecht alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza, na mimi nilimchukia kwa miezi minane bila kukosa hata siku moja. Wako watu wanaosema chuki inachosha. Waongo hao. Mimi ilinitoa usingizini alfajiri, ikanikalisha kitabuni, ikanifanya wa kwanza darasani.

Ilikuwa Kindu, katika Kongo ya Wabelgiji, mwaka wa 1958, katika shule ya sekondari ya serikali, ambako sisi watoto wa Waislamu tuliingia bila kuulizwa habari za ubatizo. Mwaka wa nne tulikuwa wanafunzi ishirini na watano wenye vitabu sita. Kitabu kilikuwa mchezo wa kuigiza wa Waingereza wa kale, wa miaka mia tatu na zaidi, juu ya mwinyi mmoja mwenye majivuno na mtunza farasi wake. Katika sisi hakuna aliyewahi kumwona farasi. Mbung'o wa kwetu hawamwachi hai, kwa hiyo tulimjua kwa picha tu.

Siku ya kwanza Lambrecht aliandika ubaoni maneno mawili, "you" na "thou". Akaeleza kwa Kifaransa kwamba zamani Waingereza nao walikuwa na adabu zao: mtumishi alimwambia bwana wake "you", na bwana akamrudishia "thou", sawa na "vous" na "tu" za Kifaransa. Tulielewa upesi kuliko alivyodhani. Kwetu mtu mzima huambiwa "ninyi" hata akiwa amekaa peke yake mkekani. "Weye" ni ya mtoto, ya rika lako, na ya mbwa.

Rafiki yangu Okito, Mtetela wa Kibombo ambaye ulimi wake haukujua kulala, akanyosha mkono.

"Bwana mwalimu, ninyi mnatuambia 'tu', na sisi tunawaambia 'vous'. Basi katika mchezo huu sisi ni akina nani?"

"Ninyi ni watoto," Lambrecht akajibu.

"Na baba zetu?"

Hapo mwalimu akaacha Kifaransa, akatumia Kiswahili alichofundishwa na mpishi wake, ambacho chote kilikuwa amri. "Weye, kaa chini."

Okito akakaa. Mimi nilikuwa najua tayari baba zetu ni akina nani machoni pake, kwa sababu wiki mbili kabla ya somo lile alikuwa amemfanyia baba yangu kitu ambacho sikumsamehe wakati ule, wala leo.

Baba yangu, mzee Masudi, alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, hatua chache kutoka msikitini, na Wazungu wa Kindu walimletea vitambaa vyao kwa sababu mshono wake haukuachia. Lambrecht aliagiza suruali nyeupe ya karamu. Wakati wa kupimwa alivuta tumbo ndani, akabana pumzi mpaka uso ukawa mwekundu. Baba aliona. Lakini baba ni mtu wa adabu, na fundi mwenye adabu hamwambii mteja "achia tumbo, bwana". Akaandika kile futi ilichosema, akakata kitambaa, akashona.

Bila shaka suruali haikufunga. Lambrecht akaja nayo siku ya Ijumaa, watu wakitoka kuswali. Baba alikuwa na kanzu yake na kofia, anaagana na wenzake. Lambrecht akamrushia suruali usoni.

"Masudi! Pantalo hii ni ya mutu gani? Vaa weye. Vaa tuone."

Baba akasema taratibu kwamba atairekebisha, bwana aiache tu barazani.

"Vaa, nimesema! Vaa tuone!"

Nyuma yake palikuwa na polisi mwenye fimbo. Baba yangu, mtu wa miaka sitini, akaivaa ile suruali juu ya kanzu, mbele ya watu waliotoka kusujudu pamoja naye. Baba ni mwembamba. Suruali ikamwanguka, akaishika kwa mikono miwili isifike chini, kanzu imejikunja kiunoni kama kitambi cha mtoto. Mtu mmoja akacheka, kisha akajizuia. Wengine waliangalia chini. Mimi nilisimama pale na mikono yangu miwili mizima, sikufanya kitu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Tangu siku ile baba akaswalia nyumbani. Hata Ijumaa. Ukimuuliza, anasema goti linamsumbua.

Mimi nikaapa kwamba Lambrecht naye atavaa. Sikujua atavaa nini, wala lini, lakini atavaa, na baba yangu awe amekaa mbele anamtazama, ili arudi msikitini kichwa juu.

Mungu si Athumani. Jibu lilikuwa ndani ya kitabu chenyewe.

Katika mchezo ule, farasi wa mwinyi anajikwaa mbele ya wageni. Mwinyi anaona haya, hasira zote anamwangushia mtunza farasi: anamvisha hatamu ya farasi kichwani na kumzungusha uani, wageni wakicheka. Hiyo ni sehemu ya kwanza. Katika ya pili mtunza farasi anapiga magoti, anaomba radhi kwa kosa lisilo lake, anasamehewa. Katika ya tatu kunazuka vita, na mwinyi anashindwa. Mwinyi anakimbia, anafika zizini peke yake kuomba farasi wa kumwokoa. Mtunza farasi, ambaye maisha yake yote amesema "you", sasa anasema "thou". Anamnyoshea hatamu na kumwambia aivae kwanza, kisha watazungumza habari za farasi. Na mwinyi anaivaa.

Ukurasa wa sehemu ya tatu Lambrecht alikuwa ameupiga msalaba wa kalamu nyekundu katika vitabu vyote sita. Alisema hauna maana kwetu. Katika shule nzima hapakuwa na ukurasa uliosomwa zaidi ya ule.

Mwisho wa mwaka ikatangazwa kwamba siku ya proklamasio, wakati wa kusoma matokeo mbele ya wazazi, darasa letu litaonyesha mchezo kwa Kiingereza. Atakuwapo bwana administrata wa teritwari, yaani Mzungu mkuu wa wilaya, na mmisionari mmoja Mwamerika kutoka upande wa Kibombo. Kwa ajili ya huyo Mwamerika Lambrecht alipagawa. Mwinyi ataigiza yeye mwenyewe, maana hakutaka mtu mweusi avae joho la mwinyi, na matamshi yetu, alisema, yalimtia kichefuchefu. Mtunza farasi nikapewa mimi, mwanafunzi bora. Na kwa kuwa wazazi hawakujua Kiingereza, Okito akawekwa kando ya jukwaa awatafsirie Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Tutaonyesha sehemu mbili za kwanza, ya hatamu na ya magoti, basi.

Hatamu niliishona mwenyewe, kwa ngozi ya mkoba mkuukuu na kipande cha chuma cha mdomoni, kwenye cherehani ya baba. Kichwa cha Lambrecht nilikuwa nimekipima kwa macho darasani, kutwa kucha.

"Ile kitu njo nini?" baba akaniuliza. "Njo" ya kwetu ni "ndiyo" ya kwenu.

"Kitu ya masomo, baba. Siku ya proklamasio mutakuja?"

"Goti…"

"Baba, mukuje. Ninawaomba. Mukae mbele."

Akasema atakuja.

Na Okito? Okito nilimsimulia ile Ijumaa, kisha nikampa maneno manne tu ya kutafsiri. Akacheka mpaka akakaa chini. "Siku ile nilikuwa soko, sikuona," akasema. "Lakini weye sema tu, miye nitawapasulia."

Jumamosi ya proklamasio ukumbi ulijaa. Wazungu viti vya mbele, upande wa kulia. Baba na wazee wa msikitini benchi la kwanza, upande wa kushoto. Nyuma yao watu wa kila namna, mpaka wachuuzi wa soko waliokuja kuona Mzungu akicheza. Sehemu ya kwanza Lambrecht alinivisha hatamu, akanizungusha. Ilinilegea, maana haikushonwa kwa kichwa changu. Sehemu ya pili nikapiga magoti, nikaomba radhi. Watu wakapiga makofi. Lambrecht akainama, akatabasamu kwa Mwamerika.

Mimi sikuinuka kuondoka. Niliinuka na kuvua hatamu, nikaanza sehemu ya tatu.

"Nyamaza," akaninong'oneza kwa Kifaransa, meno yamebana. "Imekwisha."

Nikaendelea. Hapo yule Mwamerika, Mungu amjalie, akajipiga paja kwa furaha na kusema kwa sauti, kwa Kifaransa chake cha kuvunjika, "Ah, sehemu ya tatu! Nilidhani mmeiacha. Ndiyo nzuri kuliko zote!" Bwana administrata hakujua hata neno moja la Kiingereza, lakini alimwona mgeni wake anafurahi. Akampa Lambrecht ishara ya mkono: endelea, endelea.

Lambrecht angefanya nini? Mwaka mzima alitamba kwamba mchezo ule anaujua kwa moyo tangu chuo kikuu. Akabaki jukwaani. Akaomba farasi kwa sauti kavu, kama kitabu kinavyotaka. Mimi nikamkaribia, hatamu mkononi, nikamwambia "thou". Nilimwambia usoni, mara ya kwanza maishani mwangu, na utamu wake siwezi kuuficha. Mara tano nilisema, ingawa kitabu kina mbili. Kisha nikamwambia avae.

Okito akavuta pumzi, akageukia watu, akapasua:

"Vaa weye! Vaa tuone!"

Nikawaona wazee wa benchi la kwanza wakiinua vichwa, mmoja baada ya mwingine. Nyuma kabisa mwanamke akapiga kigelegele, na mtu akarudia, "Vaa tuone!" Wakarudia watatu, wakarudia kumi, mara ukumbi mzima unapiga miguu chini. Vaa! Vaa tuone! Wazungu walidhani ndiyo desturi ya mchezo, nao wakapiga makofi ya kufuatisha, administrata akiwa wa kwanza. Lambrecht alinitazama, na nikaona amejua. Alijua neno ni lake, alijua limetoka wapi. Akachukua hatamu, akaivaa.

Ilimkaa sawasawa. Ngozi imefuata taya, chuma kimeingia mdomoni, hakuna palipolegea wala palipobana. Sijawahi kushona kitu kizuri kama kile. Nikashika kamba na kumzungusha jukwaa lote, mara moja, pole pole, watu wamuone vizuri.

Nilipokuwa nikizunguka niliangalia watu. Kila mahali, kuanzia kwa watu wa msikiti, walikuwa wanainamiana na kunong'onezana. Albertine, muuza mchele wa soko kuu, alimvuta jirani yake mkono: "Njo nini? Wanacheka nini?" Jirani akamweleza sikioni, na Albertine akafunika mdomo, akacheka mpaka machozi, akamgeukia wa nyuma yake. Niliwaona wote hao, na moyo wangu ukajaa. Nilidhani wanamcheka Lambrecht.

Mtataka kujua kama nilifukuzwa. Nilifukuzwa, Jumatatu, pamoja na Okito, na diploma yangu ikaishia hapo. Hilo halikuniuma. Ningefukuzwa mara mbili kama ingewezekana. Lakini kabla ya Jumatatu ile palikuwa na alasiri ile ile ya Jumamosi, mimi na baba tukirudi nyumbani kwa miguu.

Tukapita soko. Kijana mmoja muuza chumvi, ambaye simjui wala hatujui, akapaza sauti: "Mzee Masudi! Ile pantalo mungali nayo?" Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Baba akaendelea kutembea, nami nikafanya kama sikusikia. Tulipofika penye njia panda akasimama.

"Mulifurahi, baba?" nikauliza. Nilitaka aseme ndiyo. Nilikuwa nimelingoja neno hilo miezi minane.

"Ile Ijumaa," akasema, "walioniona ni watu wa musikiti. Ni ndugu zangu. Walinyamaza, hakuna aliyeipeleka soko. Hata mama yako hakuambiwa. Nilikuwa ninaingoja ife. Ilikuwa inakufa."

Nikasema Lambrecht naye ameaibika, amezungushwa kama mnyama mbele ya Wazungu wenzake.

"Ni kweli. Nilimuona. Lakini yeye mwaka kesho atakuwa kwao Ulaya. Miye niko Kindu." Akanigeukia. "Sasa niambie, mutoto wangu. Leo, aliyenivalisha ile pantalo mbele ya muji muzima, ni Lambrecht?"

"Hapana, baba."

"Njo nani?"

Nilimtazama usoni, kisha nikashindwa kumtazama.

"Njo miye, baba."

Akaitikia kwa kichwa, bila ukali. Akaniambia nitangulie nyumbani. Yeye atapita njia ya nyuma, ya kando ya mto, ambako saa ile hapapiti watu.