Maji Aliyomwagiwa Nadhir

Mjinga wa siku ile alikuwa Azuz, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo kwenye karakana yake ya vyombo vya shaba, akigonga sinia, ukamuuliza habari za safari yake ya jangwani, atacheka kwanza kisha atakusogezea kigoda. Mwanamume wa miaka arobaini na minne, mwenye mke, watoto wawili na mvi za kutosha, alitaka kuuhama mji kwa sababu mama yake hakumpenda kwa maji.

Maji yenyewe hayakuwa ya bomba. Hapo ndipo palipomuuma.

Kila mwaka, maua ya mchungwa yakiingia sokoni Konstantina, Bi Zulikha, mama yake, hutonesha marashi ya kutumia mwaka mzima. Mwaka ule, kama miaka yote, Azuz ndiye aliyepandisha magunia ya maua mpaka ghorofa ya pili, wanakoishi pamoja. Azuz ndiye aliyeziba tundu la chungu cha shaba. Azuz ndiye aliyekaa jikoni siku tatu akibadilisha maji baridi juu ya chungu, maana yakipata moto tu marashi hayashuki, huku kila tone likifikiria kwanza kama lianguke au lisianguke. Chupa ya kwanza ndiyo kali kuliko zote. Tone moja kwenye kahawa, mgeni anasahau alichojia. Azuz akajiambia kimoyomoyo kwamba mwaka huu chupa hiyo haimpiti.

Alhamisi asubuhi mdogo wake Nadhir, fundi wa lifti huko Lyon, akamaliza likizo yake ya siku sita. Mama akambusu, akamlilia, akamfunga skafu shingoni na jua limeshawaka. Teksi ilipoanza kwenda, akachungulia dirishani akamwaga maji nyuma yake, kama anavyomwagiwa msafiri yeyote ili njia imrudishe kwao. Mama wengine humwaga bakuli la maji ya kawaida. Bi Zulikha alimwaga chupa ya kwanza, yote, mpaka akaikung'uta kitako. Mtaa mzima ukanukia kama chumba cha bibi harusi, na Azuz, tambara la kufutia chungu bado mkononi, akalibwaga sakafuni.

Wivu ule haukuzaliwa Alhamisi. Bi Zulikha anajua hali ya hewa ya Lyon kuliko watu wa Lyon. Madereva wa mabasi wakigoma kule, huku chakula hakimshuki. Nadhir akipiga chafya kwenye simu, anaulizwa kama amevaa fulana ya ndani, naye ana miaka thelathini na sita. Azuz, anayeshika moto tangu hajaota ndevu, majira ya baridi alirudi nyumbani kiganja kimeungua mpaka ngozi imebanduka. Mama akakitazama, akasema, "Paka asali. Ukimaliza unipandishie mtungi wa gesi, huu umeisha."

Basi Alhamisi ileile, kabla marashi hayajakauka barabarani, Azuz akaenda kwa wakala anayetafuta mafundi wa kuchomelea mabomba kwenye kambi ya gesi, kusini kabisa, jangwani. Miaka miwili. Basi linaondoka Jumamosi saa sita mchana. Akaandikisha jina, akarudi sokoni akawatangazia wote. Moyoni alikuwa na hesabu yake: mama akisema "usiende", haendi. Asiposema, itambidi aende, maana atawaficha wapi uso wake wale aliokwisha kuwaaga?

"Unafuata kazi," mkewe Wasila akamuuliza akikunja mashati, "au unafuata maji?"

"Nafuata riziki."

"Riziki yako iko hatua mia mbili kutoka hapa, ina kufuli na ufunguo unao. Kama shida ni kumwagiwa, ingia bafuni, ndoo nitaibeba mimi."

Jumamosi saa nne akamkuta mama mezani, anachagua dengu kwenye sinia.

"Mama, nakwenda."

"Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie. Ukipita kwa muoka mikate mwambie aniwekee miwili."

"Mama, nakwenda jangwani. Miaka miwili."

"Nimesikia. Basi mwambie kabla hujapanda gari."

Azuz akashuka na begi lake. Akasimama chini ya dirisha, akafungua kamba ya kiatu, akaifunga, akaifungua tena. Pazia halikutikisika. Wapita njia walianza kumkwepa kama nguzo. Akapanda ngazi.

"Nimesahau kitambulisho."

"Kimo mfukoni mwa shati," mama akasema bila kuinua macho. "Kona yake naiona kutoka hapa."

Akashuka mara ya pili. Safari hii hakufikisha hatua tatu, maji yakamshukia kichwani, mengi, ya baridi, yakamwingia mpaka kwenye soksi. Azuz akafumba macho. Alisimama katikati ya njia akichuruzika na kutabasamu kama aliyepewa zawadi ya Idi. Kisha akavuta pumzi. Hayakunukia ua lolote. Yalinukia dawa ya kupigia deki.

"Samahani, Azuz," akasema Fatiha, jirani wa ghorofa ya tatu, kutoka roshani yake, ufagio mkononi. "Sikukuona. Kwani safari si leo?"

"Ni leo."

"Basi jihesabu umemwagiwa."

Akapanda ngazi akiacha alama za viatu. Mama akampa taulo.

"Vua shati," akasema. Akamtazama juu mpaka chini, na Azuz akapata tumaini dogo. "Unanilowesha zulia."

Mara ya tatu akaenda kweli. Akafika mpaka darajani, na kutoka pale akaliona basi kule chini, injini inanguruma, mafundi wanapakia mabegi juu. Pembeni mama mmoja mnene alikuwa amesimama na chupa ya plastiki yenye maji, kaishika kwa mikono miwili, anasubiri gari liondoke amwagie wake. Azuz alimtazama yule wake, kijana mwembamba mwenye kofia, ambaye hakumjua hata kwa jina, na akamwonea wivu. Akageuka. Alipita kwa muoka mikate, mikono yenyewe ikachukua mikate miwili, na alipoingia nyumbani ilikuwa bado ina moto kwapani mwake.

Akaibwaga mezani.

"Zimebaki dakika ishirini," akasema. "Nimerudi kuuliza jambo moja tu. Nadhir ni mwanao. Mimi ni nani hapa?"

"Wewe ni Azuz."

"Azuz haungui? Azuz hafi? Yule anabonyeza vitufe vya lifti, mimi nalala na moto kama mke wa pili."

"Umesikika," akasema Wasila kutoka jikoni.

"Yule anakaa siku sita, analiliwa. Mimi nipo siku zote, sijamwagiwa hata glasi ya bomba. Chupa ya kwanza, Mama. Nimeikalia siku tatu, mgongo mpaka leo haunyooki."

Bi Zulikha akaisukuma sinia ya dengu pembeni.

"Nadhir kanunua nyumba kule," akasema. "Aliniambia Jumatano, akaniomba nisiseme mpaka aondoke. Mwaka wa kwanza alikuja mwezi mzima. Ukafuata wa wiki tatu. Ukafuata wa mbili. Mwaka huu siku sita, na mbili kati ya hizo alikuwa anaongea na simu. Nimemwagia maji ya bomba, nimemwagia maji niliyoyasomea dua, hayafui dafu. Nilikuwa nimebakiwa na chupa ile tu."

Mtu mwenye akili angeishia hapo, akamshika mama yake mkono. Lakini Azuz alikuwa ameubeba wivu wake tangu Alhamisi, na hakutaka kuutua kabla haujalipwa.

"Na mimi?" akasema, sauti imeshuka. "Mimi nikiondoka nisirudi, huna hata tone la kunirudisha?"

"La kukurudisha?" Bi Zulikha akaivuta tena sinia, akaokota kijiwe kwenye dengu. "Tangu asubuhi umetoka mara tatu, umerudi mara tatu, na mimi hapa sijamwaga kitu."