Fa Iliyolala Ndani ya Mi

Mutanu alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, akisogeza vigogo vidogo vya mbao chini ya nyuzi za guzheng, kinanda kirefu cha Kichina kilicholazwa juu ya viti viwili vya plastiki. Kila kigogo kiliinua uzi wake. Alikisogeza kidogo, akaudonoa uzi, akaimba polepole, "Do, re, mi, fa," kisha akasogeza kingine. Jua la alasiri la Kibwezi lilikuwa limeingia hadi katikati ya sebule, na vumbi lilielea ndani yake bila haraka.

Mama yake, Mbithe, alikaa kwenye kochi. Miaka mingi ndiye aliyefundisha kwaya ya kanisa lao. Tangu apatwe na kiharusi, hakuwa amesema neno wala kumjibu mtu. Wanakwaya walikuja wakamwimbia. Alitazama dirishani tu. Lakini juma lililopita Lin, jirani yao anayeuza pampu za kumwagilia mashamba, alipiga guzheng nyumbani kwake, na mama akageuza shingo kuelekea ukuta ulikotokea muziki. Mutanu aliona. Siku hiyohiyo akaenda kuomba aazimwe kinanda na afundishwe, ampigie mama wimbo ambao mama mwenyewe aliutunga wakipura ndengu. Huenda ungemfikia huko alikokwenda.

"Hodi," Lin aliita, akivua viatu mlangoni. Alipoiona guzheng alisimama. "Mwalimu, umewafanya nini bata wangu?"

"Bata gani?"

"Hivi vigogo. Kwetu tunasema ni bata bukini wanaruka kwa mstari. Hawa wako wametoka kupigana."

Mutanu alicheka kwa aibu. "Dada, kinanda chako hakina fa. Wala ti. Nilidhani kililegea ulipokisafirisha, nikakurekebishia."

"Nani alikutuma?"

"Mimi nimefundisha watoto do-re-mi hadi nimeota mvi. Niruke fa hivihivi?"

"Haya, piga huo wimbo wako."

Mutanu alipiga. Kabla wimbo haujafika unakopandia, nyuzi zilikuwa zimemwishia; fa na ti alizoongeza zilikuwa zimekula nafasi ya sauti za juu.

Lin aliketi kando yake, wakarudisha vigogo kimoja baada ya kingine, mpaka mstari ukanyooka. Kisha akauweka mkono wa kushoto wa Mutanu ng'ambo ya kigogo, juu ya uzi wa mi.

"Fa iko. Imelala ndani ya mi. Donoa hapa, bonyeza pale, uiamshe."

Mutanu akabonyeza. Sauti ilipanda polepole, ikatikisika kama joto juu ya barabara. Akaanza wimbo. Chumba kikawa kama kimesogea mbali. Alisikia maganda makavu ya ndengu yakipasuka chini ya fimbo, akaona makapi yakielea, na mama yake, kijana, leso kiunoni, akiimba huku akipepeta. Alipofika kwenye fa, akabonyeza.

Kwenye kochi kitu kilisogea.

Mkono wa mama usiopooza ulikuwa umeinuka kutoka pajani. Kiganja kilitazama sakafu, kikashuka kidogo, kama alivyokuwa akiwaashiria waimbaji wa sauti ya kwanza walipopanda kupita kiasi.

Mutanu hakuthubutu kugeuka kabisa. "Nishushe, mama?"

Kiganja kikashuka tena.

Alirudia, akibonyeza kwa wepesi zaidi. Mkono ukashuka. Akarudia. Lin alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono.

"Hata mimi hajawahi kunipitisha kirahisi," Mutanu alisema kwa sauti ndogo, machozi yakimdondokea mkekani. "Nilipokuwa mdogo alinirudisha mwanzo wa mstari wa wimbo mpaka nilie."

Waliendelea hadi jua likatoka sebuleni. Ncha za vidole vya Mutanu zilikuwa zimechorwa mistari myekundu. Mkono wa mama ulichoka, ukarudi pajani, lakini macho yake hayakurudi dirishani. Yalibaki kwenye uzi.

"Imetosha leo," Lin alisema. "Kidole kikiuma kinadanganya."

Mutanu alitandaza leso juu ya guzheng, taratibu, asikiguse kigogo hata kimoja.

"Kesho tutaanzia hapohapo, mama," alisema. "Bado iko juu kidogo."