Chai Bila Sukari

Sindano za kutafuta mtoto lazima zikae kwenye baridi, na sisi hatuna friji. Mume wangu Haroun akaziweka kwa Mama Shafi, jirani yetu wa hapa Silanga anayeuza soda, akamdanganya kwamba nina ugonjwa wa sukari. Nami nikanyamaza, aibu imenifunga mdomo.

Tangu siku hiyo Mama Shafi hunipa chai bila sukari. Hata arusini hupaza sauti, "Jawahir msimpe keki, ni mgonjwa!" Watu wote hugeuka.

Leo daktari ametuuliza: tutaendelea, au tutafute mtoto wa kulea? Haroun akawahi kujibu kwamba tunaendelea.

"Sawa," nikamwambia tukirudi, "lakini safari hii umwambie Mama Shafi ni sindano za nini."

Tukapitia kwa Mama Shafi. Akatumiminia chai, yangu kando kama kawaida. Nikamwomba sukari.

"Kwani umepona, mwanangu?"

Haroun akainamisha kichwa. "Amepona, mama. Hatuleti dawa tena."

Mama Shafi akapiga vigelegele, vile vinavyopigwa mtoto akizaliwa.